Nguzo Sita za Bertrams

Kanisa letu la Bertrams lina sura ya hekalu la kipagani, na hilo si tusi, ni maelezo ya jengo. Linatazama barabara kwa nguzo sita nene zenye mifereji ya kushuka toka juu hadi chini, na juu yake paa la pembetatu, kama lile la kwenye vitabu vya historia nilivyokuwa nikifundishia Morogoro kabla sijaolewa na kuletwa Johannesburg. Wazungu wa dhahabu ndio waliolijenga. Walikuwa na chama chao cha siri, na kwa kuwa mtu akitajirika harakaharaka hutafuta babu wa kuazima, wao waliwaazima Wagiriki. Marumaru ilikuwa mbali, wakatumia matofali na simenti. Walipohamia kaskazini ya jiji, jengo likawa ukumbi wa dansi, kisha ghala la masofa, kisha likawa letu, yaani la Mungu, kwa mkataba wa kupanga.

Nasema letu, lakini kanisa ni la Wakongo, na mimi si Mkongo. Mume wangu ni Msauzi aliyezaliwa Morogoro, mtoto wa wapigania uhuru waliokimbilia kwetu, na aliporudi "nyumbani" asikokujua alinibeba na mimi. Nilibatizwa Kilutheri, kanisa ambalo mtu akipaza sauti watu hugeuka kumtazama. Kwa Wakongo nilifuata kitu kimoja tu, Kiswahili. Wanangu wananielewa nikiwafokea, ila wananijibu Kizulu, na mwanamke hawezi kuishi miaka na miaka akijisikia mwenyewe tu. Siku ya kwanza nilipofungua mdomo pale kanisani watu walicheka, wakasema naongea Swahili ya kitabu. Jumapili iliyofuata wakanikabidhi maikrofoni. Nikawa mkalimani. Pasta anahubiri kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi chenye Kifaransa ndani, mimi natafsiri kwa Kiingereza, kwa ajili ya wenyeji waliooa na kuolewa humo na watoto waliozaliwa hapahapa.

Aliyenipeleka ni jirani yangu wa Berea, msusi, mjane wa Lubumbashi, ambaye ninamwita yaya. Aliponiambia mara ya kwanza nimwite hivyo nilishtuka, maana kwetu Tanzania yaya ni msichana anayelea watoto wa watu kwa mshahara mdogo na maneno makubwa. Kwao yaya ni dada mkubwa. Basi tukaelewana, na kweli akawa dada yangu mkubwa, wa kunifundisha wapi pa kununua dagaa, na robot gani, maana hapa taa za barabarani huitwa robot, ya kutovuka ukiwa na simu mkononi.

Yaya alikuwa Nguzo. Hapa lazima nieleze desturi yetu. Pasta alipoliona jengo lile lenye nguzo sita, alichagua waumini sita wanaoshikilia kanisa, akawapa cheo cha Nguzo, na kila mmoja akapewa nguzo yake ya simenti barazani. Akawapaka mafuta, wao na simenti yao. Kila Jumapili kila Nguzo alisimama mbele ya nguzo yake kupokea watu. Mtu akipanda ngazi anasalimiwa na Nguzo wa Kwanza, msimamizi wa walinzi mwenye mabega ya mlango, kisha fundi cherehani, kisha mama mmoja muuza vitenge, kisha yaya, na wengine wawili. Nilipoona mara ya kwanza niliona ni mchezo wa kuigiza. Lakini niliona pia uso wa yaya. Siku zote za wiki mjini humu anaitwa "wewe", au lile jina baya wanaloitwa wageni. Jumapili anavaa libaya lake la kijani, ile blauzi ya kitenge ya kwao, anasimama mbele ya nguzo ya nne, na watu zaidi ya mia wanampa mkono mmoja baada ya mwingine: Mama Nguzo, mbote. Mama Nguzo, bwana asifiwe. Hakuwa na kitu kingine katika Johannesburg nzima alichokipenda hivyo.

Mwaka jana waumini walimchangia Pasta safari ya kufuata nyayo za Mtume Paulo huko Ugiriki. Akaenda na kundi la wachungaji, akarudi na kofia ya makuti na simu iliyojaa picha. Jumapili ile akapanda mimbarani bila hata kutusalimia.

"Bandugu," akasema, "nimeona nyumba ya mashetani na macho yangu! Iko kule Athènes, juu ya mulima. Na munajua inafanana na nini? Inafanana na hii!"

Akapiga mimbari. Nikatafsiri. Watoto wa nyuma wakaacha kuchezea simu.

"Roho ananiambia: hii nguzo ni ya uongo! Inasimama ku mulango, inapokea batu, inje ni muzuri, ndani muko mapepo! Hii nguzo sita yote, inapashwa kutoka!"

Kwetu sarufi ingetuokoa. Mtanzania angesema nguzo hizi zitoke, na kila mtu angefikiria simenti. Au angesema Nguzo hawa watoke, na wazee sita wangeanza kukusanya mikoba yao. Ngeli zina kazi yake, niliwaambia wanafunzi wangu miaka yote ile wakanuna. Lakini katika Kiswahili cha Pasta hii ni hii, iwe ya mtu, iwe ya meza. Na Kiingereza nacho hakikutusaidia, maana neno lao la nguzo hubeba binadamu na zege bila kubagua. Nikatafsiri neno kwa neno, kama nilivyozoea, na kanisa zima likageuza shingo kutazama kiti cha mbele walipokaa wazee sita waliokuwa wamesimama mlangoni kupokea watu.

Nguzo wa Kwanza ndiye aliyeanguka kwanza. Akapiga magoti, mabega yale yote, akapiga kelele kwamba Roho amemwumbua, kwamba ni kweli, ana mwanamke mwingine Turffontein. Mkewe alikuwa safu ya pili. Kabla hatujapata pumzi, mama wa vitenge akajitupa chini na kuungama kwamba vitenge vyake vya Uholanzi havijawahi kuiona Uholanzi. Nikasikia akina mama kadhaa wakishika nguo walizovaa. Fundi cherehani akaungama mganga wa Yeoville. Mwingine akaungama kwamba kwenye mkesha wa maombi huwa anasinzia, na lile "amina" lake ni la kushtuka. Wa tano akaungama kwa kilio kitupu, hata sikupata neno la kutafsiri. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, wahenga walisema, na pale walikuwa wanajichoma kwa kupokezana.

Mimi nilisimama kando ya Pasta, nikauona uso wake. Mwanzo hakuelewa. Alikuwa amekuja kuzungumzia plasta. Alitazama mlangoni, akatazama wazee wanaogaragara, akatazama mlangoni tena. Kisha nikaona utamu ukimwingia polepole, kama mtu aliyeagiza chai akaletewa pilau.

Nilisema. Nasema hivyo ili isije ikadhaniwa nilinyamaza. Nilisema kwenye maikrofoni, kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili: jamani, Pasta anazungumzia zile za nje, zile za simenti. Kijana wa mitambo akanikata sauti, mpiga kinanda akapandisha yake, na Pasta akanyoosha mikono juu ya waliolala chini akasema ndiyo, Roho ameonyesha, nguzo za uongo zinaanguka. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Yaya peke yake ndiye aliyebaki kitini. Mikono juu ya mapaja, macho chini. Pasta akamngoja. Kanisa likamngoja. Hakuanguka.

Basi watano walioungama waliombewa, wakapakwa mafuta upya, na Jumapili iliyofuata walikuwa kwenye nguzo zao wanang'aa kama masufuria mapya. Nguzo wa Kwanza alikuwa na alama ya kucha shavuni, lakini alikuwa pale. Nguzo ya nne ilisimama tupu. Maneno yakaanza, maana kanisa bila maneno ni kama pondu, kisamvu cha Wakongo, bila chumvi. Mwenye zina ameungama, mwenye uganga ameungama, sasa huyu asiyeungama ana nini? Lazima ana kubwa zaidi. Wengine walisema ana nyoka chumbani. Mimi nilikuwa nimelala chumba hicho mwaka mzima nilipokuwa nimegombana na mume wangu, na kitu pekee kilichotambaa mle ni mende. Pasta akatangaza: asipoungama mbele ya watu mpaka Pentekoste, nguzo ya nne atapewa mama mwingine. Mama mwingine mwenyewe alikuwa ameshaanza kushonesha nguo.

Nilikwenda kumwona Pasta ofisini, chumba ambamo wenye dhahabu walikuwa wakitundika makoti yao ya siri. Nilijipanga kihistoria. Nilimwomba anionyeshe picha, na hilo halihitaji kuombwa mara mbili. Akanionyesha hekalu la juu ya mlima kutoka kila upande, na yeye mwenyewe mbele yake katika kila upande. Nikamwambia, Pasta, unajua hili lilikuwa kanisa? Wakristo walipolipata hawakulivunja. Walimtoa mungu wa kike wa mji ule, wakalitabaruku kwa jina la Bikira Maria, wakasali humo karne nyingi. Kisha wakaja Waislamu wakaligeuza msikiti, wakaongeza mnara, nao wakasali. Kilicholibomoa ni baruti, siku watu walipoligeuza ghala la vita. Na lile jingine la chini, karibu na soko la kale, unaloliona limesimama zima hivi, limesimama kwa sababu liligeuzwa kanisa la mtakatifu mmoja, watu wakaendelea kuingia na kutoka na kuziba paa likivuja. Sisilia kuna kanisa kuu ambalo nguzo za wapagani zimo ndani ya kuta zake hadi leo, na padri anasoma misa katikati yake.

"Guide alituambia," Pasta akasema. "Nilikuwa na njaa, sikusikiliza yote."

Nikaikuza picha moja kwa vidole. Kwenye nguzo, usawa wa kifua, palikuwa na msalaba uliokwaruzwa na mtu wa zamani, mdogo, wa haraka. Ulikuwa nyuma ya bega la Pasta, naye alikuwa ameupiga picha bila kuuona. Nikamwambia, unaona? Walioingia hekaluni hawakubomoa nguzo. Walizitumia.

Akautazama msalaba ule muda, kisha akatabasamu tabasamu la mtu aliyeshinda kesi kwa ushahidi wa mpinzani wake.

"Mwalimu," akasema, "na mimi nguzo sikubomoa."

Ilikuwa kweli. Nguzo za simenti zilikuwa palepale, hazijaguswa hata kwa brashi, maana mwenye jengo alikuwa amekwisha kumwambia kwamba jengo kongwe namna ile ukiligusa kwa nyundo, serikali nayo inakugusa. Mashetani ya Kigiriki yalikuwa yamesamehewa kwa mujibu wa sheria. Aliyetolewa ni msusi. Nilitoka ofisini nimekasirika hadi nikasahau mwavuli wangu.

Wiki ya kuelekea Pentekoste nilikwenda saluni kwa yaya, pale Berea chini ya fleti yetu, nikamkuta anafumua rasta za mteja. Mteja alipoondoka akafunga mlango akaniambia nimsaidie.

"Weye uko na Swahili ya kitabu," akasema. "Nitafutie zambi muzuri."

Tukakaa kutafuta dhambi kama wanawake wanaochagua kitambaa. Nikampa uzinzi. Akasema na nani, na magoti haya? Nikampa wizi. Akawaza, akakumbuka kichana kilichosahauliwa na mteja, lakini alikuwa amemrudishia. Nikampa wivu, akasema wivu ni wa bibi-harusi. Nikampa hasira, nikamwambia hasira kila mtu anayo, mimi ninayo ya kuazimisha.

"Mais sikasirike," akasema, kwa lakini yake ya Kifaransa. "Niko nasikitika tu."

"Basi tunga, yaya. Wote wametunga nusu. Sema uliota ndoto mbaya."

"Kudanganya mbele ya Mungu ni zambi."

"Ungama hiyo basi! Danganya, halafu ungama kwamba umedanganya."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa taulo la nywele. Kisha akaokota nywele bandia sakafuni moja moja. Akaniuliza kama kweli Pasta alisema atakayeungama atarudishwa mahali pake. Nikamwambia nilitafsiri mwenyewe, alisema. Akaitikia kwa kichwa, akasema sharp, ile sawa ya Johannesburg, na hakuongeza neno.

Siku ya Pentekoste kanisa lilijaa hadi barazani. Mama mwingine alikuja na nguo yake mpya, nyekundu, akakaa karibu na mlango ili asipate taabu ya kutembea. Pasta alimwita yaya mbele. Akaja na lile libaya la kijani, akashika maikrofoni kwa mikono miwili. Mimi nilisimama upande wake na maikrofoni yangu. Safari hii kijana wa mitambo hakunigusa, kwa sababu Pasta alitaka Kiingereza kisikike vizuri.

"Bandugu," yaya akasema, "niko na zambi."

Nikatafsiri. Kanisa likaitikia kwa kuguna, kama watu wanaonusa nyama jikoni.

"Ile siku Pasta aliongea juu ya nguzo, mimi nilijua. Muke yake nilikuwa namusuka ile samedi, siku moja mbele ya ibada, na yeye Pasta akanionyesha mapicha mu telefone. Akaniambia, hii nguzo ya simenti ya inje, nataka tuivunje. Simenti. Dimanshi, hapa mu kanisa, batu bakaanza kuanguka, bakasema bintu ya mu nyumba zabo. Mimi nilijua Roho hakubaita. Nilijua ni simenti. Ningesimama, ningesema. Nikanyamaza, juu niliogopa Pasta atapata haya mbele ya batu. Ile ndiyo zambi yangu. Mungu anirehemu."

Nimetafsiri mahubiri mengi katika maisha yangu, mengi nikiwa nawaza mboga. Hayo niliyatafsiri kwa herufi zake zote. Nilitamka simenti kwa Kiingereza mara zote alizoitamka yeye, polepole, kwa sauti ya darasani, na nikaona raha ambayo Mlutheri hatakiwi kuiona kanisani. Watoto wa nyuma wakaanza kucheka. Mama wa vitenge akasimama akakaa. Kutoka safu ya pili mke wa Nguzo wa Kwanza akauliza kwa sauti, kama mtu anayeuliza bei sokoni, na kwao juu ya nini ni kwa nini: "Basi, bwana yangu, weye uliungamaka juu ya nini?"

Pasta akaikamata maikrofoni ya yaya. Akasema mama amechoka, mama anasumbuliwa na adui, tumwombee. Akampa ishara mama mwenye nguo nyekundu apite mbele. Mpiga kinanda, ambaye hana dini ila Pasta, akaanza wimbo.

Yaya alisimama kidogo akimtazama Pasta, akingoja. Kisha akashuka akatoka nje katikati ya watu, nami nikaiacha maikrofoni juu ya mimbari nikamfuata. Nyuma yangu Pasta alikuwa anasema kitu kirefu ambacho nusu ya kanisa haikukielewa, kwa kuwa hapakuwa na wa kuwatafsiria.

Nilimkuta chini ya ngazi, kando ya barabara. Mimi nilikuwa nacheka, nimejishika mbavu. Nikamwambia yaya, umemweza! Umewavua nguo wote kwa sindano moja! Kumbe ulikuwa umeificha wiki nzima, wewe mwanamke, ndiyo maana saluni ulinyamaza! Nikamwambia tangu nifike nchi hii sijaona mtu akidhihakiwa kwa adabu namna ile.

Akageuka. Uso ulikuwa umelowa wote.

"Kumudhihaki nani?" akaniuliza. "Alisema mwenye ataungama, atarudi pa nafasi yake. Nilitafuta mu roho yangu, nikatafuta, nikakuta ile zambi moja tu. Nimeitoa yote. Sasa juu ya nini hanirudishe?"

Ndipo nilipoacha kucheka.